Mwenye Kuifuata Tufani: Je, Ajitia Katika Maangamizo?

Katika nyanda za Marekani, khasa Oklahoma, Kansas na Texas, kuna watu ambao ifikapo miezi ya Aprili mpaka Juni huingia magarini mwao wakayafuata mawingu. Wenziwao waikimbia tufani, wao waikimbilia. Wengi wao si wataalamu wa serikali wala hawalipwi. Siku zao za mapumziko huzitumia kuzisoma ramani za hewa, na wakati wa baridi hukesha wakingojea khabari za theluji. Walitakalo zaidi ni kuiona chamchela: si hii yetu ya kuzungusha vumbi na makuti, bali ile ya kung'oa nyumba.

Basi twauliza: je, mtu huyu yuatafuta elimu, au yuaichezea roho yake?

Kuna watakaosema kuwa kuijua mvua na upepo kabla havijaja ni kudai ghaibu. Twasema, hapa neno limetupoteza. Lugha yetu yampa jina moja mpiga bao na mpima hewa, wote twawaita watabiri, na hali kazi zao ziko mbalimbali kama mbingu na ardhi. Mpiga bao haonyeshi amejuaje, na akikosea humlaumu aliyemwendea. Mpima hewa aonyesha vipimo vya joto, unyevu na kani ya hewa. Asema "huenda, kwa asilimia 40". Na kosa lake kesho laonekana na wote. Huko si kudai ghaibu, ni kuisoma ada aliyoijaalia Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake. Manahodha wetu waliijua kaskazi na kusi, wakajua wakati wa kutweka na wakati wa kupweleza chombo, wala hawakuambiwa wamekufuru.

Wengine watasema kuwa dini yetu yakataza mtu kujitia katika maangamizo. Hilo ni haki, lakini si kila khatari ni maangamizo. Mpiga mbizi, nahodha, na tabibu wa maradhi ya kuambukiza, wote huikaribia khatari. Kinachopambanua ni haja na tahadhari.

Tumtazame Tim Samaras, fundi ambaye hakusoma chuo kikuu. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na kijiji cha Manchester, South Dakota, alitega chombo chake cha kupimia mbele ya chamchela, kisha akaondoka mbio. Chamchela ikapita juu ya chombo, nacho kikaandika kuwa kani ya hewa imeshuka kwa milibari 100. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, chamchela nyengine iligeuza njia, ikapanuka hata upana wake ukafika kilomita 4.2, ikamuua yeye, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young. Naye alikuwa akisifika kwa tahadhari yake.

Je, kufa kwake ni dalili ya kuwa alikosa? La. Tukihukumu kwa mwisho peke yake, itatubidi tumlaumu kila nahodha aliyezama. Mizani ni tatu: nia, tahadhari, na haki za watu. Hiyo ya tatu ndiyo isahauliwayo. Mwenye kuifunga njia kwa gari lake hata wanaokimbia wakakwama, na mwenye kufurahi akipiga picha paa la mwenziwe likiruka, hao hawana udhuru. Ama mwenye kuona na kuonya, huyo ametekeleza amana. Kwani miale ya rada hupita juu zaidi ya ardhi kila inapokwenda mbali, na linalotendeka chini huhitaji jicho la mtu. Na katika mji wa Joplin, Missouri, tarehe 22 Mei 2011, walikufa zaidi ya watu 150. Ikabainika baadaye kuwa wengi walisikia king'ora lakini hawakujificha mpaka walipopata dalili ya pili.

Ama furaha ya kuliona wingu, tukumbuke kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoona wingu zito uso wake ulibadilika, akawa huingia na kutoka, kwa kuwa watu wa Adi walilifurahia wingu kumbe ndani yake mna adhabu. Basi atakaye kuitazama tufani na aitazame kwa moyo huo.

Wala haya si ya Marekani peke yake. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Mei 2024 tufani Hidaya ilipoikaribia pwani ya Tanzania, onyo lilitangulia, hata sisi huku Kenya tukaonywa. Huenda mtu akasema: mbona ilifika imepungua nguvu? Twamjibu: mwenye kufunga mlango na mwizi asije, hakupata khasara. Sayyidna Umar alirudi njiani asiingie Sham kwenye tauni, wala hakuona kuwa ameitoka tawakkul.

Kwa hivyo twasema kuwa aifuataye tufani na kipimo mkononi, njia ya kurudi ikiwa wazi, yu mbali zaidi na maangamizo kuliko mvuvi asikiaye onyo akatweka tanga, kisha upuuzi wake akauita tawakkul. Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.