Bei ya Ukumbusho

Mashindano ya motokaa ya NASCAR, shirika lililoundwa Marekani mwaka 1948, yana wakusanyaji wengi. Mmoja huweka kofia, mwingine tiketi kuukuu, mwingine vigari vya chuma ambavyo urefu wake ni sehemu moja katika 24 ya gari lenyewe. Mara nyingi kigari hakitolewi sandukuni, maana sanduku likifunguliwa bei hushuka. Kichezeo kisichochezewa ni kioja, lakini hakimdhulumu mtu.

Jambo zito ni mauti. Tarehe 18 Februari 2001, katika mzunguko wa mwisho wa shindano la Daytona 500, Dale Earnhardt, bingwa mara saba, aligonga ukuta akafa. Watu walikimbilia madukani kununua kila chenye namba 3, namba ya gari lake, na bei zikapanda. Baadhi walinunua kwa machozi, baadhi kwa hesabu, na yamkini machozi na hesabu vilikaa katika moyo mmoja. Anunuaye kwa hesabu haibi wala haui. Hata hivyo, mali yake hunenepa dereva anapokufa. Je, mtu huyo aweza kumwombea dereva maisha marefu kwa moyo mweupe?

Mwaka 1998, kabla ya shindano lilo hilo, mtoto wa kike aliyekuwa katika kiti cha magurudumu alimpa Earnhardt senti moja. Aliigandisha kwa gundi ndani ya gari, akashinda, baada ya kulikosa taji hilo mara 19. Senti ile haikuwa adimu. Mfano wake ulijaa mifukoni mwa watu wote uwanjani. Mtoto hakuitoa ili ipande bei, wala aliyeipokea hakuuliza bei yake.