Kitenzi cha Kudunisha na Aliyekiandika

Mwanafunzi wa Kiingereza akikutana na kitenzi "belittle", Kiswahili humsaidia haraka: ni kudunisha, yaani kumfanya mtu au kitu kionekane duni. Wa kwanza kujulikana kukiandika ni Thomas Jefferson, mwanasiasa wa Marekani, katika kitabu chake cha miaka ya 1780 kuhusu Virginia.

Alikuwa akimjibu Buffon, mwanasayansi wa Ufaransa aliyedai kwamba wanyama wa bara la Amerika ni wadogo kuliko wa Ulaya. Jefferson alimpinga kwa orodha za uzito. Mwaka 1787 akaletewa hadi Paris ngozi na mifupa ya mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ili Buffon ajionee.

Lakini kitabu kilekile kinawashuku watu weusi kuwa na akili pungufu. Aliyedai haki ya vipimo kwa wanyama wa nchi yake aliwanyima binadamu haki hiyohiyo. Je, kudunisha ni upungufu wa ujuzi, au ni uamuzi wa moyo?

Benjamin Banneker, mweusi huru wa Maryland, alileta ushahidi wa kupinga shaka hiyo. Mwaka 1791 alimpelekea Jefferson almanaka aliyoikokotoa mwenyewe, pamoja na barua ya kumkumbusha kauli yake kwamba binadamu wote wameumbwa sawa.

Jefferson alijibu kwa heshima. Banneker alifariki mwaka 1806. Mwaka 1809 Jefferson alimwandikia rafiki yake kwamba barua ile ilionyesha akili ya kawaida tu. Ushahidi alikuwa nao mkononi, bado alimdunisha.