Haki ya Mhakiki Asiyetumwa

Yafaa tujiulize: mtu anayeteua kazi za sanaa na kuzipima mbele ya umma, ilhali hakutumwa na serikali wala tajiri, haki hiyo ameipata wapi? Swali hili latuhusu hata sisi wa Iringo, Musoma, kwani mkoa wetu ndio uliomzaa Mwalimu Nyerere, ambaye Desemba 1962 aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Wizara yaweza kuulinda utamaduni. Haiwezi kutuazima macho ya kuutazama.

Tumwangalie Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusomea Makerere. Mwaka 1965 yeye na wenzake walifungua Paa ya Paa, nyumba ya maonyesho huko Nairobi iliyoongozwa na wenyeji wa Afrika Mashariki. Soko la watalii lilidai vinyago vinavyofanana. Yeye aliwakataza wasanii kuigana. Mwaka 1997 moto uliteketeza jengo pamoja na kazi nyingi. Yeye na mkewe Phillda wakaanza tena.

Wapo watakaosema kwamba mtu wa namna hii amejipa cheo. Kwa maoni yetu, haki yake hutokana na kukubali kuilipia kauli yake mwenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi amsifuye msanii ili auze humpunja msanii na taifa pia. Tukimpata mhakiki huru hapa Musoma, tusimwombe atusifu; tumwombe atuambie kweli.