Ni Nani Mwenye Nyumba ya Wakfu?

Ndugu Waislamu, mtu asemapo "nyumba hii ni yangu," husema mambo matatu kwa neno moja: kuwa asili ya nyumba ni yake, kuwa manfaa yake ni yake, na kuwa ana uwezo wa kuiuza, kuitoa au kuirithisha. Kwa kuwa mambo haya aghalabu hukaa pamoja, twadhani ni kitu kimoja. Lakini Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaibar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Huo ndio wakfu.

Wazee wetu wa Mombasa waliweka wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti, na wengine kwa ajili ya watoto na wajukuu wao, na ukoo ukikatika manfaa yaende kwa maskini. Wakfu huu wa ukoo ndio uliozua ugomvi. Mwaka 1894 baraza kuu la rufani la London, katika kesi iliyotoka India, lilihukumu kuwa si sadaka ya kweli, kwani fungu la maskini li mbali mno. India ilitunga sheria mwaka 1913 kuuhalalisha. Huku kwetu hukumu ile iliendelea kufuatwa, hata katika kesi ya wakfu wa Mombasa iliyochapwa katika vitabu vya hukumu vya mwaka 1952. Kenya nayo ilitunga sheria mwaka 1951, ikaukubali wakfu wa ukoo madhali mwisho wake ni kwa maskini au kheri nyingine ya kudumu.

Waislamu walikuwa na haki ya kulalamika, maana kwetu kumpa jamaa ni sadaka na ni kuunga udugu. Lakini tusiishie kuwalaumu majaji wa kigeni. Waliuliza: "Je, hii ni sadaka, au ni hila ya kushikilia mali?" Swali hilo yafaa tujiulize wenyewe. Yuko awekaye wakfu kuwakimbia wanaomdai. Yuko awapaye wanawe wa kiume akawaacha mabinti, ilhali Mwenyezi Mungu amewawekea fungu katika mirathi. Na yuko msimamizi aliyeachiwa nyumba Kuze au Kibokoni, akapokea kodi miaka na miaka, dari ikaoza, na wenziwe wasione hesabu hata siku moja. Akiulizwa, hutoa hati yenye jina lake.

Hati ni ushahidi tu; haigeuzi amana kuwa milki. Mtume (s.a.w.) alionya kuwa akimhukumia mtu haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno yake, basi humkatia kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi haramu, itakuwaje karatasi ya ofisini?

Basi, ewe msimamizi, nyumba ile si yako, si ya babako, wala si ya ukoo wako. Asili yake ni ya Mwenyezi Mungu, na nyinyi mna manfaa tu. Itoe hati sandukuni uwasomee dada zako. Andika kilichoingia na kilichotoka. Anza kwa kuezua dari iliyooza, kabla ya kugawa kodi.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.