Je, Mahindi ya Mkulima ni ya Nani Wakati wa Njaa?

Twapenda kuwaza pamoja nanyi neno moja ambalo watu hubishana juu yake hapa Songea kila mavuno yafikapo: Je, chakula kilichomo ghalani mwa mkulima ni chake kweli, jirani yake akiwa na njaa?

Nchi hii yetu yaijua njaa. Katika vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907, majeshi ya Wadachi yaliteketeza mashamba na maghala, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kupita waliokufa kwa risasi. Leo nchi ile ile yalisha wengine. Tena mwaka 2024, ukame ulipoharibu mashamba ya Zambia na Malawi, Zambia ilitafuta mahindi huku Tanzania.

Lakini mwaka 2011, na tena mwaka 2017, Serikali ilikataza mahindi yasivushwe mpakani, ili chakula kisipunguke nchini. Nia hiyo hatuilaumu. Ila tazameni ni nani aliyelipa. Karani hakukatwa mshahara kwa ajili ya wenye njaa, wala mwenye duka hakuamriwa auze nguo zake kwa hasara. Mkulima peke yake alifungiwa soko, na deni la mbolea likimngoja.

Wako wasemao, basi kila mtu na auze apendavyo. Hilo nalo hatulikubali. Mlanguzi anunuaye mahindi kwa bei ya kutupa mwezi wa Juni, akayaficha hata Januari watoto walale na njaa, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ni mali yake. Makatekista waijua habari ya Yusufu: aliwaokoa Wamisri na kifo, lakini mwishowe mifugo yao, mashamba yao, na wao wenyewe wakawa wa Farao. Walakini aliwapa mbegu.

Sisi twaona kwamba mwenye njaa ana haki ya kula, na deni la kumlisha ni la watu wote. Serikali ikitaka mahindi yabaki, yaipasa kuyanunua kwa bei ambayo mnunuzi wa ng'ambo angalilipa. Kazi ya kununua na kuweka akiba inao Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, tangu mwaka 2008. Naye apendaye kuwasaidia waliopatwa na ukame asiwapelekee unga tu. Wamekwisha kula mbegu zao. Na awapelekee mbegu nyingine, tena zifike kabla ya mvua za Novemba, maana zikifika Februari zitaingia chunguni.