Nani Aliyeoka Mkate wa Eliya?



Mfikirieni mama Mkristo wa Iftin, mjini Garissa. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri, achote maji, apike uji, awatayarishe watoto, akimbilie kazini. Jioni jumuiya inamngoja. Mwambie, "Pumzika, mama," naye atakujibu, "Nikipumzika, nani atafanya?" Jibu hilo si upungufu wa imani. Ni swali la haki, na anayeulizwa ni mume.

Tumtazame nabii Eliya (1 Wafalme 19:4-8). Alichoka jangwani hata akaomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakumwongezea kazi. Alimwacha alale chini ya mti. Malaika akamgusa: mkate umekwisha kuokwa, maji yapo. Akala, akalala tena. Ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 mpaka Horebu.

Angalieni: mkate ule hakuuoka Eliya. Pumziko lake lilitayarishwa na mwingine.

Baba, usimhubirie mkeo utulivu huku ukingoja chai. Dominika baada ya Misa, beba wewe mtungi wa maji, pika wewe, waogeshe watoto. Nawe mama, kubali kuhudumiwa. Ugali ukiwa na madonge, ule kwa shukrani. Keti kivulini nusu saa, mikono mitupu, mbele ya Mungu. Hujamwibia mtu.

Bikira Maria, Mama wa Faraja, msimamizi wa Kanisa Kuu la Garissa, atuombee, ili katika nyumba zetu mama naye apate kivuli.