Meza ya Zamani, Je, Ina Mwenyewe?



Yule mama wa Shunemu, alipotaka kumpokea nabii Elisha, alimtengenezea chumba akaweka ndani kitanda, meza, kiti na taa. Tunaisoma habari hiyo katika Wafalme wa Pili, sura ya 4. Basi hata kazi ya Mungu inahitaji meza. Sekretarieti ya parokia yetu inaihitaji sana, na ndiyo sababu ya maandiko haya.

Mwezi uliopita ndugu mmoja alituletea meza ya biro, ya chuma, yenye droo tatu, nzito na imara. Ilikosa rangi tu. Tulifurahi. Lakini tulipoipindua ili kuipaka rangi tulikuta chini yake namba ya kampuni moja, imeandikwa vizuri. Tulimwuliza ndugu imetoka wapi. Akajibu: “Walikuwa wanaitupa.” Ni nani aliyeitupa, na kwa karatasi gani, hakujua.

Siku hizi wenye elimu wanasema juu ya uchumi wa mzunguko, yaani kitu kisitupwe bali kitengenezwe na kutumika tena. Huko Ufaransa sheria ya mwaka 2020 inazitaka ofisi za serikali zinunue sehemu ya vyombo vyao vikiwa vimekwisha kutumika au vimetengenezwa kwa vitu vya zamani. Ni jambo jema. Lakini sisi wa Lubumbashi hatukungoja sheria ili kutengeneza kiti. Viti vya Union Minière, iliyoanza mwaka 1906, na vya Gécamines iliyozaliwa baada ya serikali kutwaa migodi mwaka 1967, vingine vingali vinakaliwa. Vilifungwa kwa visi. Mguu mmoja ukivunjika, fundi anaubadilisha huo tu. Meza nyingi zinazoletwa sasa ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Zikinyeshewa mara moja zinavimba, na fundi anatikisa kichwa. Wanaochora meza za kesho wangekuja kwanza kuzitazama za babu zetu.

Tena kuna msitu wetu. Mti wa mukula ulikatwa hapa Katanga hata mataifa yakauweka, mwaka 2019, katika orodha ya miti isiyovuka mipaka bila kibali. Kutengeneza meza ya zamani kunaupunguzia msitu mzigo.

Hayo yote tunayakubali. Lakini mji wetu umeona mzunguko mwingine pia. Oktoba 1991, wakati wa uporaji, vyombo vilitoka katika biro na maduka juu ya mabega ya watu, mchana kweupe. Navyo vilitengenezwa, vikapakwa rangi, vikatumika tena.

Wengine wanasema: kampuni ziliwanyima watu mishahara, waliochukua walijilipa. Hatulidharau neno hilo. Tunawajua waliokufa wakidai. Lakini meza ikitoka kwa siri, deni la mshahara linabaki palepale, na anayefukuzwa ni mlinzi wa usiku, naye ana watoto.

Katika Yohana 6 Bwana aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee kitu. Katika Kumbukumbu la Torati 22 tunaagizwa kukitunza kitu cha ndugu kilichopotea mpaka mwenyewe akitafute. Tuliyasoma yote mawili pamoja na wazee. Mikate ile ilibaki baada ya wote kushiba, hapakuwa na wa kuidai. Ng'ombe aliyepotea ana mwenyewe, hata kama hayupo. Meza yetu ni kipande au ni ng'ombe? Papa Simon Kimbangu, aliyefungwa katika mji huu huu mpaka kufa kwake mwaka 1951, ametuachia Upendo, Amri na Kazi. Kutengeneza kitu kikuukuu ni Kazi, lakini Amri inatajwa mbele yake.

Mzee mmoja alishauri tupake rangi juu ya namba, mambo yaishe. Tulikataa. Ndugu wawili walikwenda kwenye kampuni na namba hiyo. Wakaambiwa warudi baada ya hesabu ya vyombo. Watarudi. Meza iko barazani chini ya turubai, na katibu wetu anaandikia juu ya magoti. Mwenye meza ya zamani yenye karatasi yake, hata ikiwa na miguu mitatu, atuone kabla ya ibada ya Jumapili. Fundi tunaye.